Aliyekuonya Yuko Wapi Siku Hizi? Maswali ya wasomaji kuhusu viongozi wa kanisa na kuonywa

Wapendwa, barua za safari hii karibu zote zinazunguka sehemu moja: kiongozi ameonywa, au kiongozi haonyeki, au kiongozi ameonywa vibaya mpaka kanisa limegawanyika. Nimechagua chache na nyingine nimezipunguza, maana kuna ndugu aliandika kurasa na kurasa bila nukta hata moja (namuelewa, mtu akiwa na hasira nukta haionekani). Majina nimeyatoa yote, kwa hiyo usianze kubahatisha ni wa kanisa gani.

Shalom Mwalimu. Mimi ni kiongozi wa vijana. Mchungaji na wazee waliniita ofisini wakaniambia nina lugha kali, nawaaibisha vijana mbele ya wenzao, na ripoti ya hela za semina sijaleta pamoja na kukumbushwa. Wakanisimamisha miezi mitatu. Mwalimu niliumia sana, hii idara nimeijenga mimi, nilikuta vijana wachache saivi ukumbi unajaa. Pale pale nikasema nimepokea na nikaomba msamaha lakini moyoni bado nawaka. Rafiki zangu wananiambia ni wivu tu, kwamba nina upako nianzishe huduma yangu, wengine wananitumia lile andiko la "msiwaguse masihi wangu". Nitajuaje kama hii ni adabu ya Mungu au ni vita vya watu? – Niliyesimamishwa

Pole ndugu yangu. Kusimamishwa kunauma na anayesema hakuumi hajawahi kusimamishwa.

Sasa swali lako umeliuliza kana kwamba majibu ni mawili tu, ama ni Mungu ama ni wivu, wakati mara nyingi vyote viwili vinakaa chumba kimoja. Inawezekana kabisa kuna mzee pale ofisini anakuonea wivu, na inawezekana mzee huyo huyo alichosema ni kweli tupu. Wivu wa mtu haugeuzi ukweli kuwa uongo. Ripoti umepeleka hujapeleka? Hilo halihitaji upako kulijibu. Wale vijana umewasema mbele ya wenzao mpaka wakainamisha vichwa, ndiyo au hapana? Anzia hapo, habari ya nani alikuwa na nia gani tumwachie Mungu maana yeye ndo anayepima mioyo.

Halafu nimeona kitu kwenye barua yako. Umeambiwa habari ya lugha na ripoti, wewe ukajibu habari ya ukumbi kujaa. Hakuna aliyekuuliza habari ya ukumbi. Soma 1 Samweli 15 uone Mfalme Sauli alivyofanya, kaambiwa aende kwa Waamaleki akafanye moja, mbili, tatu, yeye akafanya nusu, akarudi kajisimamishia na nguzo ya ukumbusho huko Karmeli, nabii Samweli alipomkuta na kumuuliza akaanza kusema watu ndo waliobakiza kondoo, tena kwa ajili ya kumtolea Bwana. Alipobanwa kabisa akasema nimekosa, lakini sentensi haikuishia hapo, akaongeza kwamba tafadhali niheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli. Yaani tatizo lake kubwa saa ile lilikuwa watu wataonaje.

Daudi naye alisema maneno yale yale. Alikuwa amezini na Bathsheba na kumuua mumewe, nabii Nathani kamwendea na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, Daudi akawaka kwa hasira, Nathani akamwambia wewe ndiwe mtu huyo, Daudi akasema nimemfanyia Bwana dhambi (2 Samweli 12). Ukiyasoma maneno ya midomo tu, Sauli na Daudi wote wametubu. Tofauti inakuja kuonekana baadaye sana, tena sehemu ambayo watu wengi hawaiangalii. Nenda 1 Wafalme 1. Daudi kazeeka yuko kitandani, mwanawe Adoniya anajitangaza mfalme, na nani anaingia chumbani kwa mfalme kumweleza hali ilivyo? Nathani yule yule. Yaani mtu aliyemwambia mfalme uso kwa uso kwamba wewe ni mzinzi na muuaji, miaka imepita na bado mlango uko wazi kwake, bado anasikilizwa. Na katika watoto aliozaa na Bathsheba kuna mmoja aliitwa Nathani (1 Nyakati 3:5), Biblia haisemi kama ni kwa ajili ya nabii, nami sitaiongezea, ila jina hilo liliitwa kila siku ndani ya nyumba ile na halikuwa mwiko.

Kwa hiyo mimi kipimo changu cha kiongozi aliyekubali kuonywa siyo machozi wala ule mstari wa "nimepokea mtumishi". Naangalia aliyemuonya yuko wapi. Bado wanasalimiana? Bado yuko kwenye komiti? Au ghafla kaonekana hana maono, kahamishwa idara, kaondolewa kwenye gurupu?

Mfano wa kutisha ni Mfalme Asa wa Yuda, kwa sababu Asa alikuwa mtu mzuri. Aliondoa sanamu, akamvua hata Maaka mamaye umalkia kwa sababu ya sanamu, kwa hiyo nidhamu kwa wengine aliiweza vizuri sana, hata kwa mtu wa nyumbani. Mwaka wa 36 wa utawala wake akanunua msaada wa mfalme wa Shamu (Siria) badala ya kumtegemea Bwana, nabii Hanani akaja kumwambia umefanya upumbavu, Asa akamtia Hanani gerezani na wakati huo huo akaanza kuwatesa baadhi ya watu (2 Nyakati 16). Ona alivyoshuka: anamfunga mwonyaji, halafu wanaoumia ni watu wa kawaida. Na miaka ya mwisho miguu inaugua na bado hamtafuti Bwana.

Wewe basi jiulize, yule mzee aliyeongea zaidi pale ofisini, ukimwona kwa mbali unabadilisha njia?

Kuhusu msiwaguse masihi wangu, wanaokutumia hilo andiko waambie wasome Zaburi 105 yote. Pale anazungumzia kina Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wanatangatanga kati ya mataifa na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru. Na Daudi ambaye ndo alikataa kumgusa Sauli pale pangoni, alikata pindo la vazi tu na hata hilo likamchoma moyo, alipotoka nje alimwita Sauli kwa sauti watu wote wanasikia akamwambia unanionea, Bwana ahukumu kati yangu na wewe (1 Samweli 24). Hakumgusa, ila alimwambia. Tena Daudi alipoambiwa "wewe ndiwe mtu huyo" alikuwa tayari ameshapakwa mafuta zamani, mafuta hayakumzuia Nathani.

Habari ya kuanzisha huduma yako, kwa sasa hapana. Sisemi kuanzisha huduma ni dhambi. Nasema huduma iliyozaliwa wiki ya hasira inaanza na watu waliokuja kwa sababu wamekubaliana na hasira yako, na siku mmoja wao akikwambia ndugu hapa unakosea utamwona kama wale wazee, kwa hiyo utaanza tena.

Miezi hii mitatu peleka ripoti wiki hii hii hata kama hauko kazini, na kama kuna risiti zimepotea sema zimepotea. Watafute wale vijana uliowaaibisha mmoja mmoja, umtajie ulichomwambia na siku gani, usiseme "kama nilikukwaza", hiyo kama inamrudishia yeye kosa. Kaa kwenye benchi kama muumini, na msaidizi wako akiongoza usimwongoze kwa simu ukiwa umekaa nyuma. Na nenda kwa mchungaji umuulize swali moja, kwamba miezi mitatu ikiisha mtaangalia nini ili mjue niko tayari, maana adhabu isiyo na kipimo inaweza kuwa ndefu bila sababu na una haki ya kujua.

Moyo kuwaka usijilazimishe kuigiza amani. Waebrania 12:11 inakubali wazi kwamba adabu wakati wa kupokelewa haileti furaha, inaleta huzuni, matunda yanakuja baadaye kwa waliozoezwa nayo. Mwambie Mungu unavyojisikia hivyo hivyo ulivyo, ila usiuwashe huo moto kwa meseji za saa sita usiku na wale rafiki zako.

Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Mume wangu ni mchungaji, anahubiri vizuri na Mungu anamtumia, ila haambiliki. Mhasibu alimuuliza habari ya matumizi fulani akatolewa kwenye nafasi. Mzee mmoja alimwambia kwa upole ibada zinachelewa kuisha, Jumapili ikageuka somo la waasi na wanung'unikaji, jina hakutaja ila wote tulijua. Nikisema mimi ananijibu adui hutumia watu wa nyumbani. Nampenda na namheshimu, sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje? – Mama wa nyumba ya mchungaji

Mama, pole, na asante kwa kuandika maana najua ilivyo ngumu, mchungaji ana waumini wengi wa kumlilia na wewe huna mchungaji, mchungaji wako ndo huyo.

Niseme kwanza hilo la kumchapa mtu kwa mahubiri. Mimi naliita woga. Mwenye maiki ni mmoja, anayesemwa hawezi kunyoosha mkono akajibu, na waumini wanaambiwa itikeni amina. Mathayo 18:15 inasema nenda kwake mkiwa wawili peke yenu, haikuweka kipengele kwamba wachungaji wao wapitie madhabahuni.

Sura ya kukusaidia ni 1 Samweli 25, kwa sababu ina wanaume wawili na mwanamke mmoja aliyeweza kuongea na wote. Nabali, mtumishi wake mwenyewe anasema huyu bwana hawezekani, mtu hawezi kusema naye. Daudi siku hiyo hiyo anakuja na watu 400 wenye panga, amekasirika, ameapa kumaliza nyumba nzima. Abigaili, mke wa Nabali, akamkuta Daudi njiani, akamwambia kwa heshima kabisa, ila alimwambia, kwamba utakapokuwa mfalme hutataka dhamiri yako iwe na damu ya bure. Na Daudi, mbele ya wanajeshi wake wote, akasema abarikiwe Bwana aliyekutuma na ibarikiwe busara yako, akageuza. Mwanamke, njiani, wakati ambao tayari ameshaapa. Halafu kumbuka jambo dogo: Abigaili alipofika nyumbani akamkuta Nabali amelewa, hakusema kitu mpaka asubuhi.

Kwa hiyo mama chagua saa. Usiku wa Jumapili amechoka na bado sauti ya amina iko masikioni, siyo saa yake. Chagua jambo moja, usimmwagie yote ya miaka. Na usitumie "watu wanasema", hiyo inamfanya aanze kutafuta ni nani, sema mimi nimeona hivi na nimeogopa. Kwa mfano, nilipoona yule mhasibu ametolewa niliogopa kwamba hakuna mtu mwingine atakayekuuliza tena habari ya hela, na siku ikitokea shida utakuwa peke yako.

Akikwambia ni adui anatumia watu wa nyumbani, mkumbushe Musa. Huyu ndo ameiona bahari ikigawanyika juzi juzi tu, lakini baba mkwe wake Yethro, kuhani wa Midiani, alipokuja kumtembelea na kumwambia jambo hili unalofanya si jema, utajichosha wewe na watu hawa, Kutoka 18 inasema Musa akasikiliza na akafanya yote aliyoambiwa. Mkwe pia ni mtu wa nyumbani.

Ila kuna mzigo siyo wako. Habari ya fedha za kanisa isiachwe mikononi mwa mke kumbembeleza mume, kuna wazee, kuna askofu au wasimamizi, kuna hesabu za kukaguliwa, na kama kanisa lenu halina chombo chochote juu ya mchungaji basi hapo ndo tatizo lilipoanzia. Na mama, hujaandika hivyo, lakini kwa kuwa wengine watasoma: kama hasira yake nyumbani imefika kwenye kipigo au vitisho, hilo halimo kwenye somo la leo la kuonyana kwa upole, tafuta usalama na watu wa nje ya kanisa lake wanaoweza kukusaidia, pamoja na vyombo vya sheria. Kumheshimu mume hakujafika huko.

Mwalimu habari. Mimi ni mzee wa kanisa. Dada mmoja ameandika kwenye gurupu la kanisa kwamba nimekula mchango wa msiba. Si kweli, hela ilipelekwa na ina sahihi ya waliopokea. Sasa kila nikitaka kujitetea naambiwa "mzee nyenyekea, pokea kuonywa". Je, unyenyekevu ni kukubali tu? – Mzee

Shikamoo mzee. Hapana, siyo kukubali tu. Kukiri kosa ambalo hujafanya ni uongo, na uongo haugeuki unyenyekevu kwa sababu umesemwa kwa sauti ya chini.

Hana mama yake Samweli alikuwa anaomba hekaluni, midomo inacheza na sauti haitoki, kuhani Eli akamwambia utalewa mpaka lini, achana na divai. Hana akamjibu kwa heshima kabisa kwamba hapana bwana wangu, sijanywa divai wala kileo, nina huzuni. Na hapa ndipo Eli huwa nampa maksi zake, mtu tunayemsema sana kwa habari ya watoto wake, siku ile hakujitetea wala hakusema mimi ndiye kuhani, alimwambia nenda kwa amani na Mungu akupe ulichoomba. Kiongozi kasahihishwa na mwanamke aliyemshutumu, akabadilisha kauli hapo hapo.

Paulo naye huko Filipi walimchapa hadharani bila hukumu wakamtia gerezani, kesho yake wakataka kumtoa kimyakimya, akakataa, akasema sisi ni Warumi, waje wenyewe watutoe (Matendo 16:37). Huyu ndo aliyeandika habari za kujinyenyekeza.

Na 1 Timotheo 5:19 inasema mashitaka juu ya mzee yasipokelewe pasipo mashahidi wawili au watatu. Watu wanasoma huo mstari kama kinga ya wazee, wasisahau mstari wa 20 unaofuata, wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Inakulinda na inakushika, yote mawili kwa pamoja.

Kwenye gurupu andika mara moja tu, kwamba habari hii siyo kweli, nyaraka zipo, naomba viongozi waitishe kikao na dada yetu awepo. Basi, funga simu. Kwenye kikao peleka zile sahihi. Na baada ya kusafishwa kuna swali moja la kujiuliza ukiwa peke yako: kwa nini ilikuwa rahisi watu kuamini? Labda hela huwa unashika mwenyewe na taarifa haitoki mpaka watu waulize. Kama ni hivyo, tangu sasa hela ishikwe na wawili na taarifa itolewe kabla ya kuulizwa. Huyo dada alikosea, ila anaweza kuwa amekuonyesha mlango ulioacha wazi. Daudi alipotukanwa na Shimei njiani na watu wake wakataka kukata kichwa cha yule bwana, aliwaambia mwacheni, huenda Bwana ataangalia mateso yangu (2 Samweli 16). Matusi ya Shimei mengi hayakuwa haki kabisa. Hakuyakubali, ila pia hakumuua mtu kwa ajili yake.

Mtumishi, mchungaji wetu alianguka kwenye uzinzi, ametubu mbele ya kanisa, analia kila ibada. Nusu ya kanisa wanataka arudi madhabahuni mara moja wanasema Mungu ameshasamehe, nusu wanasema asirudi milele. Wewe unaonaje? – Muumini

Kusamehewa na kurudishiwa maiki ni mambo mawili. La kwanza likae siku ile ile aliyotubu, na kanisa linalokataa kumsamehe lisome 2 Wakorintho 2, Paulo anasema adhabu ile aliyopewa na wengi inatosha, sasa msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni. La pili lichukue muda, maana kazi ile ina sifa zake, asiye na lawama, anayeshuhudiwa vema (1 Timotheo 3), na ushuhuda haujengwi kwa kulia ibadani.

Mwaka 390 Kaisari Theodosio aliamuru watu wa Thesalonike wauawe kwa kisasi, maelfu wakafa. Ambrosi askofu wa Milano akamwandikia kwamba hawezi kumpa meza ya Bwana mpaka atubu. Huyu ni mtawala wa dunia ya Warumi, angeweza kumfanya askofu apotee. Akakubali, akatubu hadharani na kungoja miezi kabla ya kupokelewa tena. Alipofariki mwaka 395 aliyesimama kuhubiri kwenye msiba wake ni Ambrosi yule yule, na katika aliyomsifia ni toba ile.

Ninachopendekeza: mchungaji akae chini ya watu wengine, watu wasio marafiki zake wa karibu, wao ndo waseme muda, na familia yake iulizwe, wala tusisahau yule aliyefanya naye, kama alikuwa muumini chini yake basi hapo kulikuwa na mamlaka iliyotumika vibaya na anahitaji kuhudumiwa yeye kwanza. Na kama kuna mtoto amehusika, au kulazimisha, hilo ni kosa la jinai, linakwenda kwa vyombo vya sheria siku hiyo hiyo, kikao cha wazee hakina mamlaka ya kulimalizia ndani. Kurudi madhabahuni kunaweza kusitokee kabisa. Musa alisamehewa habari ya mwamba wa Meriba, ule alioupiga badala ya kuuambia utoe maji, Mungu akaendelea kusema naye, lakini Kanaani aliiona kwa macho tu kutoka mlima Nebo na kazi akaichukua Yoshua.

Mwalimu, mimi tatizo langu ni kinyume. Nimesimikwa uchungaji hivi karibuni na watu wananisifu tu. Nikiuliza mahubiri yalikuwaje naambiwa "umebarikiwa mtumishi". Najua nakosea sehemu ila hakuna anayesema. – Mchungaji mchanga

Barua yako imenifurahisha kuliko zote leo.

Ukiuliza "mahubiri yalikuwaje" pale mlangoni watu wanatoka na watoto wanalia, jibu ni moja tu duniani kote. Uliza kitu chenye sura: ni wapi ulinipoteza? Kuna mfano nilioutoa uliomuumiza mtu? Nilivyomjibu yule mama kwenye kikao, wewe ungejisikiaje? Na muulize mtu asiyekutegemea kwa chochote, mshahara wala nafasi.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na wenzake mwaka 1738 waliandika kanuni za vikundi vidogo vya kukutana kila wiki na kuambiana hali ya roho zao, na kabla mtu hajapokelewa anaulizwa, pamoja na mengine, je unataka uambiwe makosa yako, tena wazi bila kuzungukwa? Anajibu ndiyo kabla ya kuanza, kwa hiyo siku akiambiwa hawezi kusema kashambuliwa. Tafuta watu wawili watatu mpeane ruhusa hiyo kwa mdomo. Benedikto huko nyuma zaidi, karne ya 6, aliwawekea watawa kwamba likiwepo jambo kubwa waitwe ndugu wote, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Nani mdogo kanisani kwako? Fundi mitambo, dada anayefagia, yule kijana wa projekta. Hao wanakuona wakati huhubiri.

Mambo mengine usisubiri kuonywa, yawekee uzio mapema. Mhubiri wa Marekani Billy Graham na wenzake watatu walikaa Modesto, California mwaka 1948 wakaorodhesha yanayoangusha wahubiri, hela, wanawake, kutia chumvi kwenye idadi ya watu waliohudhuria, kusema vibaya makanisa mengine, wakakubaliana watafanyaje kwa kila moja. Hata hilo la kutia chumvi waliliandika! Leo tunaweka posti "maelfu waliokoka" na viti vilikuwa mia mbili.

Na siku mtu wa kwanza akikwambia ukweli, angalia uso wako. Watu watajifunza kila kitu kutoka kwenye huo uso. Ukimshukuru na wiki inayofuata ukabadilisha kile kitu, tena ukasema wazi kwamba fulani alinisaidia kuona hili (kama ameridhia kutajwa), wa pili atakuja mwenyewe.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, niko kwenye kwaya. Mwenyekiti wetu ni mtu mzima kama baba yangu na anafundisha kitu kisicho sahihi kwenye neno. Naogopa kumwambia, nitaonekana sina adabu. – Binti wa sauti ya kwanza

Marahaba mwanangu. Paulo alimwambia Timotheo mzee usimkemee bali umwonye kama baba (1 Timotheo 5:1), kwa hiyo kumwonya kumeruhusiwa, kilichobadilika ni sauti. Apolo alikuwa msemaji hodari wa Maandiko ila alijua ubatizo wa Yohana tu, Prisila na Akila walipomsikia hawakumkatiza pale sinagogi, walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi, na Apolo akaenda Akaya akawasaidia sana waumini (Matendo 18). Nenda baada ya mazoezi wenzako wakishaondoka, Biblia mkononi, bila skrini shoti wala kundi la kukusindikiza. Anza na swali, kwamba baba naomba unisaidie kuelewa mstari huu, nilivyousoma mimi naona unasema hivi. Umwache asome mwenyewe, usimsomee. Akikasirika usibishane, mwambie asante kwa muda wako, mpe wiki moja mbili, na kama bado anafundisha vile vile basi mwombe mama mmoja anayeheshimika kwaya mwende wawili.